Jibu: Wamiliki waliachiwa, sheria zikabadilikaje?

Salaam ndugu. Umekwama hapa: wamiliki wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, walioshitakiwa baada ya moto ulioua watu 146 Machi 1911, waliachiwa huru Desemba mwaka huohuo. Sasa mageuzi ya sheria za usalama viwandani yalitoka wapi?

Nimesahihisha insha nyingi za mada hii na wengi hung'ang'ania mahakama. Toka huko. Kesi ilibanwa kwenye swali moja: je, wamiliki hao, Blanck na Harris, walijua mlango wa ghorofa ya 9 umefungwa kwa ufunguo? Halikuthibitishwa, basi.

Angalia kwanza bunge la jimbo, Albany. Tume ya kuchunguza viwanda iliundwa katikati ya 1911, kesi haijasikilizwa, chini ya wabunge wa jimbo Robert Wagner na Al Smith. Hawa walikuwa watu wa Tammany Hall, mtandao wa kisiasa wa chama cha Democratic jijini New York, si malaika. Walinusa kura za wahamiaji. Frances Perkins, mtetezi wa wafanyakazi aliyeona kwa macho yake wasichana wakiruka madirishani, aliwatembeza viwandani. Kwa maelezo yake, Wagner alipitishwa kwenye tundu dogo ukutani lililoandikwa kuwa njia ya kutokea moto ukizuka; nje, ngazi imejaa barafu.

Usiuache mgomo wa washonaji wa 1909. Wafanyakazi wa Triangle walikuwemo, na madai ya usalama yalishasemwa.

Sijui mwalimu wako anataka kurasa ngapi, ila aya ya kesi ifupishe, ya tume irefushe.