Roboti ya babu haitembei: anza na betri

Ndugu yangu wa Kibokoni, Mombasa, umesema roboti ya plastiki aliyokuachia babu haitembei na imegeuka manjano. Usikimbilie fundi. Fungua kifuniko cha betri: unga mweupe kwenye springi ni betri za alkalini zilizovuja. Zitoe, chovya kijiti cha masikio kwenye siki, sugua mpaka chuma king'ae, pangusa kwa maji kidogo, kisha kausha sawasawa. Hewa yetu hii ya chumvi haikungoji, ukiacha unyevu kutu iko njiani.

Mguu uliovunjika uunge kwa epoksi, gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Supagluu huacha ukungu mweupe. Asetoni ya kutoa rangi ya kucha weka mbali kabisa, inayeyusha ABS, plastiki ngumu ya vitu vingi vya kuchezea! Umanjano? Haidrojeni peroksaidi (dawa ya kung'arisha) na jua huupunguza, ila mara nyingi hurudi. Mimi ningeuacha.