Oda zikikauka, ushirika huponea wapi?

SWALI: Tuko mafundi seremala 14 hapa Arusha, karakana moja. Tunataka kusajili chama cha ushirika cha wafanyakazi. Nasikia vyama hivi huhimili misukosuko kuliko kampuni za kawaida. Kinachovilinda ni nini hasa?

JIBU: Kumiliki karakana peke yake hakuwalindi. Mtalindwa na mnachokubaliana mapema, wakati oda bado zipo.

Nimefanya hesabu za vyama kwa muda, na mfano ninaourudia ni Mondragón, kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1956 vijana waliosoma chuo cha ufundi cha padri José María Arizmendiarrieta walianzisha kiwanda kidogo cha majiko. Leo ni kundi kubwa la vyama. Ziada ya mwaka hawaigawani mkononi. Sehemu huingia akiba ya pamoja, na mgawo wa mwanachama huandikwa kwenye akaunti yake ndani ya chama hadi aondoke au astaafu. Kwa hiyo mwaka mbaya unawakuta na mtaji.

Kazi ikidorora, wanachama hupiga kura kujipunguzia mishahara, au aliyekosa kazi huhamia chama jirani. Chukulia kila mmoja wenu analipwa 500,000 kwa mwezi, jumla milioni 7. Mkijikata asilimia 15 mnaokoa 1,050,000, yaani mishahara ya watu wawili na chenji. Bosi angewafukuza hao wawili. Nyinyi mnabaki 14, na randa haikosi mtu siku oda zikirudi. Sisemi ni rahisi. Mkutano wa kujikata mshahara una kelele kuliko msiba wenye mirathi.

Ila kuna kikomo. Fagor, chama cha vifaa vya nyumbani kilichotokana na kile kiwanda cha majiko, kiliinunua kampuni ya Brandt ya Ufaransa mwaka 2005 na kulemewa na madeni. Ujenzi wa nyumba Hispania ukaporomoka kuanzia 2008. Nyumba mpya hakuna, nani anunue jokofu? Vyama wenzake vilikichangia miaka kadhaa, kisha vikakataa kuendelea, kikafilisika 2013. Wanachama wengi walipata nafasi vyama vingine au kustaafu mapema, ingawa hisa zao zilipotea. Wafanyakazi wa viwanda vya Ufaransa na Poland hawakuwa wanachama. Mlango huo haukuwa wao.

Nyinyi hamna chama jirani cha kuwapokea, kwa hiyo akiba yenu iwe nene zaidi, na mkopo wa mashine usizidi kile mnachoweza kulipa mkiwa na nusu ya oda. Halafu hukunitajia vibarua. Wanaopiga msasa na vanishi ni wangapi? Andikeni kwenye masharti ya chama, kabla ya kusajili, kibarua ataruhusiwa kuomba uanachama baada ya miezi mingapi.