Mnara wa taa wa Forodhani umekwenda wapi?

Mwanangu, ule mnara mrefu unaouona kwenye picha za zamani za Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni mnara wa taa, uliosimama mbele ya majumba ya Sultani. Haupo tena. Manowari za Waingereza ziliuharibu tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa moja. Mwaka 1897 ukajengwa mnara wa saa kwenye uso wa Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Sultani, ushike nafasi yake. Na huo nao, ya rabi, ukaanguka 25 Desemba 2020, jengo likiwa kwenye matengenezo. Watu wawili wakafariki. Naumia kila nikipita pale. Kuta za mawe na chokaa zikinywa mvua miaka nenda miaka rudi hulainika ndani kwa ndani. Ndiyo maana ukitengeneza jengo la zamani, anza na paa na mifereji, rangi baadaye.