Kwa Mnaotaka Kufundisha Fidla na Viola Chuo Kikuu

Wadogo zangu mnaopiga fidla Nairobi, Dar na Unguja huniuliza njia ya kupata ualimu wa chuo kikuu huku Marekani. Nami huwauliza kwanza: viola, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito zaidi, mnapiga?

Someni matangazo ya kazi. Shule kubwa za muziki, kama ile ya Chuo Kikuu cha Indiana, zinaweza kuajiri mwalimu wa fidla peke yake na wa viola peke yake. Vyuo vidogo havina wanafunzi wala fedha za kutosha, kwa hiyo hutafuta mtu mmoja wa vyombo vyote viwili, na mara nyingi humwongezea okestra, nadharia ya muziki, au somo la misingi ya vyombo vya nyuzi kwa walimu watarajiwa wa shule. Anayejua fidla tu amejipunguzia nafasi nyingi.

Lakini viola isomwe kwa heshima yake. Nyuzi zake ni C, G, D na A, kwinti moja (umbali wa noti tano) chini ya fidla, ila mwili wake haukukua kwa kiasi ambacho sauti hiyo inadai. Ndiyo maana haina kipimo kimoja: mmoja atapiga yenye mwili wa sentimita 39, mwingine 42, kulingana na urefu wa mkono. Uzi wa C hauamki kwa upinde mwepesi unaokwenda mbio. Unataka uzito wa mkono mzima na mwendo wa taratibu. Kisha kuna ufunguo wa alto, yaani alama ya mwanzo wa mistari ya noti inayoonyesha kila mstari ni noti gani; kwake C ya kati hukaa kwenye mstari wa katikati. Wapo wanaousoma kwa hila ya kujifanya wako pozisheni ya tatu ya fidla, yaani mkono wa kushoto ukiwa umepanda kidogo shingoni mwa chombo. Wiki za mwanzo hila hiyo husaidia, lakini mkono ukianza kupanda huwaangusha. Zijueni noti kwa majina yake. William Primrose, Mskoti aliyeanza na fidla, alikuja kuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa viola wa karne ya 20, na Mozart mwenyewe alipenda kuipiga.

Siku ya usaili utapiga onyesho, halafu utaletewa mwanafunzi usiyemjua umfundishe mbele ya watu. Hapa ndipo kazi hupatikana au hupotea. Nimekaa kwenye kamati za ajira na nimewaona wapigaji hodari wakimmwagia kijana makosa yake yote kwa dakika ishirini, kisha wakachukua fidla na kupiga wao. Kamati inataka kusikia kama yule kijana ameondoka anapiga tofauti. Chagua jambo moja, tuseme kiwiko cha mkono wa upinde, mpe nafasi ya kulijaribu, msikilize, umpe tena.

Ustadi huo haupatikani siku ya usaili. Fundisheni sasa, watoto wa kanisani na wa mtaani, hasa wanaoanza. Anayeweza kumwelekeza mtoto wa miaka saba kushika upinde bila kukaza kidole gumba ataweza kuutengeneza mkono wa mwanafunzi wa chuo. Na mwanafunzi akilalamikia bega au kifundo cha mkono, simamisha somo, tazama mkao wake, na maumivu yakiendelea mpeleke kwa daktari. Hili kwangu halina mjadala.

Mliokulia kwenye taarabu msilifiche sikio lenu. Mmezoea maqamu, mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, mnasikia sauti zilizo kati ya funguo mbili za piano, na kwenye chombo ambacho shingo yake haina alama za kuonyesha pa kuweka vidole hilo ni hazina. Liandikeni kwenye barua ya maombi.

Mkataba ukija, tazama kama unalipwa kwa saa au uko kwenye njia ya ajira ya kudumu, ambayo kwa kawaida huamuliwa baada ya miaka kama sita kwa kupima ufundishaji, maonyesho yako na huduma yako chuoni. Maonyesho huhesabiwa kama utafiti, kwa hiyo tunza ratiba na rekodi zote. Uliza saa ya mwanafunzi mmoja inahesabiwaje, maana vyuo vingi huiweka chini ya saa ya mhadhara. Uliza pia nani hutafuta wanafunzi wapya. Mara nyingi ni wewe, kwa kuzunguka shule za sekondari na fidla mkononi, na wapiga viola ndio watakaokuwa wagumu kupatikana.