Kwa nini wafalme walijenga kando ya Thames?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Majengo, Moshi. Mdogo wangu yupo London kanitumia picha za majumba ya wafalme, karibu yote yako kando ya mto Thames, kwa nini? Halafu Richmond naona geti tu, jumba lenyewe liko wapi?

JIBU: Marahaba dada. Sababu kubwa ni usafiri. Barabara zao enzi hizo masika zilikuwa matope matupu kama njia za Kibosho kabla ya lami, kwa hiyo mfalme na watu wake walipanda mashua, na Thames maji hujaa na kupwa mpaka huko Richmond, wapiga makasia wanasubiri maji yapande ndo wanaondoka, yanawasukuma.

Jumba la Richmond alijenga mfalme Henry VII baada ya jumba la zamani la Sheen kuungua 1497, na malkia Elizabeth I alifia humo 1603. Mfalme Charles I alipokatwa kichwa 1649 wakalipiga bei, likabomolewa mawe yakauzwa! Inaniuma sana hiyo. Hilo geti ni masalia, mwambie aangalie juu ya tao ataona nembo ya Henry VII.

Hampton Court, jumba jingine la mtoni, lenyewe bado limesimama. Lilikuwa la kadinali Thomas Wolsey, akalijenga likapendeza mno mpaka ikabidi amwachie Henry VIII, na bado haikumsaidia, akafa 1530 akiwa anapelekwa London kujibu kesi ya uhaini. Mdogo wako asikose kuingia jikoni, yale mameko ni makubwa balaa, palikuwa panapikiwa mamia ya watu kwa siku.