Swali la Lugha: Nyota huvutwa au hukuzwa?

"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Fizikia sekondari hapa Mafinga. Juzi usiku tulifungua programu ya Stellarium kwenye projekta, wanafunzi wakaanza kubishana: nikiileta nyota karibu kwenye kioo, niseme naikuza, naipanua au naizumu?"

Marahaba, mwalimu. Nawaonea wivu. Anga la Mafinga usiku wa Juni, baridi imeshika na mawingu hayapo, ni darasa tosha hata projekta ikizimika.

Tuanze na panua, maana ndilo linalopotosha zaidi. Stellarium ikifunguka huonesha kipande cha anga cha nyuzi (digrii) 60 hivi, na namba hiyo unaiona chini ya kioo. Zungusha gurudumu la mausi, namba inashuka: 40, 10, hadi 1. Dirisha, yaani kile kipande cha anga, linafinyika. Mwezi mpevu una upana wa karibu nusu uzi, kwa hiyo kwenye nyuzi 60 ni kitone tu, lakini kwenye uzi 1 unafika nusu ya kimo cha kioo. Sasa mwambie mwanafunzi "panua". Akipanua dirisha na kurudi nyuzi 60, amekutii kabisa, na amekwenda kinyume na ulichotaka.

Kuza ni kufanya kitu kikue. Picha hukuzwa, herufi hukuzwa. Hata sayari ya Mshtarii (Jupita) unaweza kusema unaikuza: ilikuwa nukta, imekuwa duara lenye mikanda, na miezi yake minne mikubwa imejipanga ubavuni. Lakini nyota? Alfa Sentauri, ile inayong'aa jirani na Msalaba wa Kusini, iko umbali wa miaka ya nuru minne na ushei. Uisogelee utakavyo, haiwi duara kama Mshtarii. Utakachoona ni nukta moja kuachana zikawa mbili, maana kumbe ni nyota pacha. Hapo kilichokua ni nafasi iliyo kati yao. Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, nacho ni vivyo hivyo: kwa macho matupu wengi huhesabu nyota sita au saba, ukikisogelea zinachomoza kwa makumi, kila moja nukta yake.

Kwa hiyo mimi nachagua vuta. Wala sikulitunga. Ukienda kununua simu sokoni Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji atakwambia "kamera yake inavuta", na hutamwuliza ana maana gani. Vuta haidai kwamba kitu kimekua. Inasema kimeletwa karibu, basi. "Kivute Kilimia." Ukimaliza, "kirudishe." Hizo "vuta ndani" na "kuza nje" ninazokutana nazo kwenye programu zilizotafsiriwa haraka haraka, ziache huko huko. Nje ya nini?

Ila kitaje unachokivuta. Mkuu wa shule akipita gizani akasikia "leo nani anavuta?", hatafikiria nyota.

Na zumu? Kijiweni sina ugomvi nalo, vijana walitumie watakavyo. Kwenye notsi za ubaoni ndipo ninapoliogopa: ukiandika kuzumu, irabu moja ikiteleza, darasa zima umelipeleka kuzimu.