Maswali yenu: geko chui (mjusi wa kufugwa, leopard gecko) asiye na raha

Geko wangu wawili wa kike wanalala wamelaliana kwenye pango moja. Si wanapendana?

Hapana. Swali hili nalijibu kila mara na bado linakuja. Wote wanagombea sehemu yenye joto, na mwenye nguvu anamkalia mnyonge. Kwao, kwenye nchi kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, hawaishi wakihitaji mwenza wa kulala naye. Mnyonge atapunguza kula, mkia ambao ndio ghala lake la mafuta utasinyaa, kisha siku moja utamkuta ana majeraha au mkia umekatika. Utaota mwingine, mfupi na wa duara, usiofanana na ule wa kwanza. Madume wawili ndio usithubutu kabisa. Aliyekushauri ununue wawili ili wasiwe wapweke alitaka kuuza wawili. Watenganishe leo.

Anajificha mchana kutwa. Ana msongo?

La. Ni mnyama wa jua linapozama na usiku. Mwekee maficho matatu: upande wa joto, upande wa baridi, na moja lenye unyevu la kujivulia ngozi.

Nimemnunua juzi, hataki kula. Nimlishe kwa nguvu?

Usijaribu. Mpe wiki moja au mbili bila kumshika. Maji safi yawepo, chakula kije jioni. Nyenje wasioliwa watoe usiku huohuo, maana humng'ata. Ukiona mkia unakonda, usiniandikie mimi, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia.

Nanyi mnaouliza habari ya hamu ya kula bila kutaja joto, mnataka nibahatishe. Pale anapoota joto pawe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, upande wa pili kama 25. Tumieni kipimajoto, si kiganja.

Akiniona anatikisa mkia. Amefurahi?

Akiuinua na kuupunga polepole, anakuonya, ondoa mkono. Ncha ikitetemeka upesi mbele ya nyenje, hapo anawinda.

Watoto wanapenda kumshika. Mara ngapi kwa siku?

Mara moja inatosha, jioni, dakika 10, tena apande mkononi mwenyewe. Asinyakuliwe kutoka juu, asishikwe mkia, asiamshwe mchana. Baadaye mikono ioshwe kwa sabuni: mijusi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakionekana wazima, na mtoto wa chini ya miaka 5 asimguse kabisa.